Electric Warrior ya nyimbo 11 inatosha

Kama unatafuta CD ya Electric Warrior, albamu ya bendi ya Uingereza T. Rex, chukua ile ya nyimbo 11 uache yenye nyimbo za nyongeza, hata kama hiyo ya nyongeza ni rahisi zaidi. Mimi ni muuzaji na najua maneno haya hayanisaidii kibiashara. Wanunuzi wa CD za mtumba hapa Uingereza huhesabu nyimbo nyuma ya kasha kama mtu anayehesabu maembe kwenye fungu.

T. Rex waliitoa albamu hii Septemba 1971, prodyuza akiwa Tony Visconti. Wimbo wa mwisho ni "Rip Off", na ni vurugu tupu: Marc Bolan, mwimbaji na kiongozi wa bendi, anapayuka mpaka maneno yanamwishia, saksafoni ya Ian McDonald inabaki ikilia juu ya fidla zilizoganda kwenye sauti moja, kisha vyote vinafifia. Hapo panatakiwa kimya. Kwenye toleo la nyongeza hukipati, unaletewa wimbo mwingine palepale, ambao Bolan hakuupanga ukae hapo. Kama tayari unalo hilo, mashine nyingi za zamani za CD zina kitufe cha kupanga nyimbo, kitumie.

Biashara hii inakulazimisha usikilize. Wateja hukagua upande unaong'aa, kumbe mkwaruzo wa kuogopa ni wa upande wenye maandishi. Muziki umelala chini kidogo tu ya rangi ile, umekingwa na utando mwembamba wa vanishi, ilhali upande wa pili una plastiki ya zaidi ya milimita moja. Naishika CD juu ya taa; nikiona vitundu vya mwanga naiweka pembeni. Naangalia pia kama imeanza kugeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, ugonjwa uliozikumba nyingi zilizotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ikipita hapo naicheza mwanzo hadi mwisho, nami naendelea kubadilisha makasha yaliyovunjika meno.

Ndivyo Electric Warrior ilivyonirudia, na kilichonishika ni upole wake. Sifa ya glam, ile rock ya Uingereza ya wanamuziki waliojipamba, ni mng'aro na kelele, na kweli Bolan ndiye aliyetokea kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops mapema 1971 akiimba "Hot Love", pambo likimetameta chini ya macho. Lakini muda mfupi tu nyuma yake alikuwa mtu wa kuketi chini na gitaa lisilo la umeme, katika kundi la watu wawili lililoitwa Tyrannosaurus Rex. Mtu yule hakuondoka. "Mambo Sun" inafungua albamu karibu kwa kunong'ona, gitaa la umeme likijibana, na Mickey Finn yuko na tumba zake, kitu ambacho aliyekulia muziki wa dansi hakipiti bila kukisikia.

Halafu inafuata "Cosmic Dancer". Anasimulia mtu aliyeanza kucheza tangu tumboni mwa mama yake na hakuacha mpaka kaburini. Fidla alizozipanga Visconti zinaingia taratibu, na mwishoni gitaa linasikika limegeuzwa nyuma mbele. Sijui wimbo mwingine wa glam unaogusa kifo kwa wepesi huo. Bolan mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari London, Septemba 1977, akiwa bado hajatimiza miaka 30.

"Lean Woman Blues" huwa naruka.

"Get It On" imechezwa redioni mpaka masikio yamechoka, ila kwenye spika nzuri bado ina mambo. Ile piano inayoteleza juu ya vibao ni ya Rick Wakeman, ambaye amesimulia kuwa alilipwa pauni 9, na alizihitaji kwa kodi ya nyumba. Waitikiaji ni Mark Volman na Howard Kaylan, waliotoka bendi ya The Turtles ya Marekani. Sauti zao zinapanda juu kabisa, nyembamba, na bila wao nusu ya utamu inakwenda. Wimbo unapofifia, Bolan anachomeka maneno ya Chuck Berry, mkongwe wa rock 'n' roll wa Marekani, kama anayetaja alikochota.

Albamu hii iliuzwa sana, imetolewa upya mara nyingi, kwa hiyo CD yake ni ya bei ya chini. Mimi nafurahi. Anayetaka kujua ubora kwa bei aende kwenye santuri.

Waswahili wenzangu wakifika kwenye meza yangu huulizia Queen, kwa ajili ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Nawapa Sheer Heart Attack ya 1974, yenye "Killer Queen", na ubishi wangu ni huu: Freddie aliukuta mlango wa televisheni uko wazi kwa mwanamume aliyejipamba, na Bolan ni mmoja wa walioufungua.