Kiingereza cha kuongea hakitoshi chuoni

Swali langu la kwanza la insha chuoni lilianza na maneno mawili: "Account for". Mtihani wa Kiingereza nilikuwa nimeufaulu vizuri, naongea bila kukwama, filamu naangalia bila tafsiri. Neno "account" nililijua tangu zamani: ni akaunti, ni hesabu, ni masimulizi ya tukio. Basi nikasimulia. Nilijaza kurasa tatu za jinsi mambo yalivyotokea, tangu mwanzo hadi mwisho. Karatasi ilirudi na maandishi mekundu pembeni ya aya ya pili: umesema kilichotokea, sababu ziko wapi? Kumbe katika maswali ya chuo maneno yale yana maana ya "eleza kwa nini".

Alama zile ziliniuma sana, na tangu hapo kila anayejiandaa kwenda chuo namwambia jambo lilelile: Kiingereza ulichojifunza kwa kuongea na watu ni kimoja, na kile kitakachokungoja kwenye vitabu na insha ni kingine. Ukikijua cha kwanza usidhani umekijua na cha pili.

Mtaalamu wa elimu wa Kanada, Jim Cummins, alizitenganisha lugha hizi mbili mwaka 1979. Baadaye alichunguza takwimu za watoto wa wahamiaji waliokuwa wakisoma kwa Kiingereza. Kuzungumza na wenzao kuliwachukua kama miaka 2. Kuwafikia wenzao hao katika lugha ya masomo kulichukua miaka 5 hadi 7. Niliposoma hayo nilishusha pumzi. Wangapi wameambiwa "mbona unaongea vizuri, sasa unafeli nini?" wakaanza kuitilia shaka akili yao, wakati akili haina tatizo lolote?

Ndiyo maana siungi mkono kozi zinazotumia miezi kurekebisha lafudhi. Lafudhi yako, mradi unaeleweka, iache. Muda huo upeleke kwenye kusoma.

Na kusoma kwenyewe ni ufundi. Chukua sentensi kama hii, ambayo ni ya kawaida kabisa katika kitabu cha kiada: "The rapid expansion of cities led to a decline in household size." Huenda hakuna neno hata moja la kukupeleka kwenye kamusi, na bado ukaisoma mara tatu bila kuishika. Kinachosumbua ni kwamba ndani yake hakuna mtu anayefanya kitu. Vitendo vimegeuzwa kuwa nomino: "expansion", "decline". Dawa yake ni kuzirudisha nomino hizo kuwa vitenzi na kuuliza nani alifanya nini: miji ilikua haraka, kwa hiyo watu wakaanza kuishi wachache wachache katika kaya. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna nafasi nzuri hapa, kwa sababu mtindo huu tunao. "Kupanuka kwa miji kulisababisha kupungua kwa ukubwa wa kaya": sentensi za namna hiyo tunazisikia kila siku kwenye taarifa ya habari. Walimu wangetuonyesha ulinganifu huo mapema, wangetuokolea muda mwingi.

Msamiati nao una njia yake. Mwaka 2000 Averil Coxhead, wa New Zealand, alichapisha orodha ya familia 570 za maneno (yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, kama "derive", "assume" na "significant". Maneno hayo huchukua takriban asilimia 10 ya maandishi ya aina hiyo. Orodha hiyo itafute, lakini usiikariri kama shairi. Neno ulilokutana nalo mara tano katika aya tano tofauti litakaa. Ulilolikariri usiku mmoja litaondoka na usiku huo.

Kuna na maneno madogo yanayobeba uzito wa dai: "may", "suggest", "appear". Nilikuwa nikiyaruka. Mwandishi akisema matokeo "yanaashiria", mimi naandika "yamethibitisha", na hapo nimemsingizia jambo ambalo hakulisema.

Mitihani ya kupima Kiingereza kama IELTS inahitajika ili upokelewe chuoni, na lazima uifanyie mazoezi. Ila tazama inachokutaka: insha yake kubwa ni ya maneno yasiyopungua 250, kwa muda wa dakika 40, na mawazo unayatoa kichwani mwako. Chuoni utapewa wiki kadhaa uandike insha ndefu zaidi, na sehemu kubwa ya mawazo utayatoa kwa waandishi wengine, uyapime, uyapinge, uyataje yalikotoka. Hapo ndipo wengi wetu tunapoangukia kwenye wizi wa maandishi, na nina hakika kwamba mara nyingi hatukudhamiria kuiba. Ni woga. Unaiona sentensi ya mwandishi imenyooka, unaiangalia yako imepinda, unaona heri uichukue yake kama ilivyo ukabadilishe maneno mawili.

Woga huo uvunje kabla hujafika chuoni. Tafuta kitabu cha utangulizi cha somo unalokwenda kusoma, si kitabu cha kufundishia Kiingereza. Soma aya moja. Kifunge. Andika sentensi tatu za ulichoelewa, na ukikwama zianze kwa Kiswahili, kwa sababu usichoweza kukieleza kwa lugha yako hujakielewa. Kisha fungua kitabu ulinganishe: nimeacha nini, nimeongeza nini ambacho hakimo? Makosa ya sarufi yasahihishe mwishoni kabisa. Mimi ilinichukua nusu saa kwa aya moja siku za mwanzo, na kwa wiki mbili niliona kama napoteza muda. Wiki ya tatu niligundua kwamba nimeanza kuandika "this suggests" mwenyewe, pale hasa palipostahili, bila kumwangalia mtu.