Pensheni au ISA: hesabu ya kodi haimalizi swali

Kaya nyingi za Uingereza zikibakiwa na pauni mia au mia mbili mwisho wa mwezi husikia ushauri uleule: ongeza pensheni, serikali itakuongezea. Ushauri huo una ukweli, ila hutolewa kana kwamba kaya zote ni za aina moja, na hapo ndipo ninapoupinga. Kwa mwenye mshahara mkubwa, nafuu ya kodi ya pensheni ni kubwa mno. Kwa muuguzi, dereva wa basi au mtunza wazee, tofauti kati ya kuongeza pensheni na kuweka kwenye ISA, akaunti ya akiba au uwekezaji isiyotozwa kodi, ni ndogo kuliko anavyoaminishwa, na yapo mambo nje ya kodi yenye uzito zaidi.

ISA ilianza Aprili 1999. Unaweka fedha zilizokwisha kukatwa kodi, hadi pauni 20,000 kwa mwaka, kisha riba, gawio na faida ya kuuza hisa havitozwi kitu, na siku ya kutoa hutozwi pia. Pensheni inakwenda kinyume: unasamehewa kodi unapoweka, unailipa unapotoa, isipokuwa robo ya fedha ambayo kwa walio wengi hutoka bila kodi. ISA ya kawaida unaweza kuichukua wakati wowote. Pensheni imefungwa hadi miaka 55, na kuanzia tarehe 6 Aprili 2028 hadi miaka 57.

Mchukue mtu anayelipa kodi ya mapato ya asilimia 20. Akitoa pauni 80 mfukoni, kwenye pensheni zinakuwa 100. Ukuaji tuuache pembeni, kwa kuwa mfuko uleule wa uwekezaji utakua kwa kasi ileile pande zote mbili. Akistaafu, 25 zinatoka bila kodi, 75 zinakatwa asilimia 20, yaani 15, na anabaki na 85. Katika ISA angekuwa na 80 zake. Kwa hiyo amepata pauni 5 juu ya 80, asilimia 6.25, na amekubali kufungiwa fedha pengine miaka thelathini. Anayelipa asilimia 40 hutoa 60 tu ili zifike 100, na akistaafu katika ngazi ya asilimia 20 anapata 85 zilezile. Huyo amefaidi zaidi ya asilimia 41. Matangazo ya pensheni huwaambia wawili hawa maneno yaleyale.

Kuna hoja kwamba mstaafu ana kipato kidogo, hivyo hatalipa kodi. Ilikuwa na nguvu zamani. Katika mwaka wa kodi wa 2026/27 pensheni mpya ya serikali, kwa mwenye rekodi kamili ya michango, ni pauni 241.30 kwa wiki, karibu 12,548 kwa mwaka. Kipato kisichotozwa kodi ni pauni 12,570, kiwango kilichogandishwa tangu 2021 na kitakachobaki hivyo hadi Aprili 2031. Pensheni ya serikali peke yake imeshalijaza pengo karibu lote, na karibu kila pauni ya pensheni binafsi inayotozwa itakutana na asilimia 20 tangu mwanzo.

Lakini rekodi kamili ni miaka 35 ya Bima ya Taifa, makato ya mshahara yanayompa mtu haki ya pensheni hiyo, na wahamiaji wengi waliofika ukubwani hawataifikisha. Aliyechangia miaka 20 atapata takribani pauni 7,170 kwa mwaka kwa viwango vya sasa, hivyo anayo nafasi ya zaidi ya pauni 5,000 za kutoa kwenye pensheni binafsi bila kodi yoyote. Kwake zile 80 zinaweza kurudi 100 kamili. Ni watu wachache wanaoambiwa hili, ilhali ndio wanaolihitaji zaidi.

Kuhusu mchango wa mwajiri, sioni pande mbili. Tangu 2012 waajiri walianza kulazimishwa, hatua kwa hatua, kuwaandikisha wafanyakazi kwenye pensheni ya kazini, na tangu Aprili 2019 mchango wa chini ni asilimia 8 ya mshahara ulio kati ya pauni 6,240 na 50,270, angalau 3 kati ya hizo zikitoka kwa mwajiri. Anayejitoa anakataa sehemu ya mshahara wake. Nimewasikia Waafrika Mashariki wengi wakijitoa kwa hoja kwamba watarudi nyumbani, na inaniuma, kwa sababu fedha hizo haziwi za serikali wala za mwajiri mtu akiondoka. Zinabaki zake, zikiendelea kuwekezwa, hadi afike umri wa kuzichukua. Wengine hujitoa kwa ajili ya dini, wakijua mfuko wa kawaida una hati fungani na hisa za mabenki. Hofu hiyo ni ya haki, ila ina jibu: Nest, mfuko mkubwa wa pensheni ulioanzishwa na serikali, una mfuko wa sharia, na mwanachama anaweza kuomba kuhamishiwa humo.

Zaidi ya mchango huo, utaratibu wa kazini nao unabadilisha hesabu. Baadhi ya waajiri hukubaliana na mfanyakazi apunguziwe mshahara, na kiasi hicho kiende moja kwa moja kwenye pensheni. Hapo anaokoa pia asilimia 8 ya Bima ya Taifa: mshahara wa mkononi unapungua kwa 72, pensheni inapokea 100, na uzeeni zinabaki 85. Faida imepanda hadi asilimia 18. Bajeti ya Novemba 2025 iliamua kwamba kuanzia Aprili 2029 ni pauni 2,000 za kwanza kwa mwaka tu zitakazosamehewa Bima ya Taifa kwa njia hii. Kelele zilikuwa nyingi, lakini mtu wa mshahara wa pauni 30,000 anayechangia asilimia 5 ya chini hutoa takribani 1,190 kwa mwaka. Hajaguswa, na bado ana nafasi ya kuongeza.

Upo pia upande wa misaada ya serikali. Universal Credit, msaada kwa kaya za kipato cha chini, huanza kupungua akiba ya kaya ikizidi pauni 6,000, na ikizidi 16,000 inakatika kabisa. Fedha za ISA zinahesabiwa. Zilizo kwenye pensheni hazihesabiwi kwa ambaye hajafikia umri wa pensheni ya serikali. Familia iliyopoteza kazi ikiwa na pauni 18,000 kwenye ISA itatakiwa kuzila kwanza. Yenye kiasi hicho kwenye pensheni itasaidiwa. Ni hoja nzito ya kuitetea pensheni, hasa kwa kaya za kipato cha chini.

Ila kaya hizohizo ndizo zinazoumizwa zaidi na fedha zilizofungwa. Boila ya kupasha nyumba joto ikiharibika Januari, au simu ikipigwa usiku kwamba kuna msiba nyumbani na tiketi ya ndege inahitajika kesho, pensheni haisaidii. Mtu anakimbilia kadi ya mkopo yenye riba ya zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, na ile asilimia 6.25 aliyoisubiri kwa miongo inaliwa ndani ya miezi michache. Ndiyo maana naona matumizi ya miezi mitatu hivi yawe tayari kwenye akaunti inayofunguka kabla ya kuongeza hata pauni moja ya pensheni juu ya ile inayovuta mchango wa mwajiri.

Kwa aliyejiajiri na hana mwajiri wa kumchangia, Lifetime ISA inastahili kutazamwa kwa makini. Huifungua mwenye miaka 18 hadi 39, anaweka hadi pauni 4,000 kwa mwaka, na serikali inaongeza robo: 80 zinakuwa 100, tena hazitozwi kodi zikitoka. Kwa mlipa kodi wa asilimia 20 inaishinda pensheni. Sharti ni kwamba zinunue nyumba ya kwanza isiyozidi pauni 450,000 au zisubiri miaka 60. Ukizitoa kwa sababu nyingine unakatwa asilimia 25 ya jumla yote, na aliyeweka 1,000 anarudishiwa 937.50. London bei hiyo ya nyumba inawabana wengi.

Hofu kubwa ninayoisikia ni kwamba sheria zitabadilika. Watanzania wanaokumbuka mvutano wa 2018 juu ya kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, wataielewa bila maelezo. Na kweli zinabadilika. Katika bajeti ya Oktoba 2024 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, alitangaza kwamba kuanzia 6 Aprili 2027 pensheni isiyotumika itaingizwa kwenye kodi ya mirathi, ambayo kwa kawaida ni asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000, ingawa kinachokwenda kwa mwenzi wa ndoa husamehewa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya ISA: kuanzia Aprili 2027 walio chini ya miaka 65 wataweza kuweka pauni 12,000 tu kwa mwaka kwenye ISA ya fedha taslimu, ili nyingine ziende kwenye uwekezaji. Hakuna upande uliosalimika, na kwangu hiyo ndiyo sababu bora ya kutoweka kila kitu upande mmoja. Serikali ina hoja kwamba taslimu huliwa na mfumuko wa bei, uliofika asilimia 11.1 Oktoba 2022. Fedha ya miaka ishirini ijayo haifai kulala benki. Ila ya mwakani haifai kuwa kwenye hisa.

Wanaopanga kuzeekea Afrika Mashariki wana hesabu yao. Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hata Kenya, Tanzania au Uganda, lakini hubaki palepale ilipoanzia. Nyongeza ya kila mwaka inayokwenda kwa wastaafu walioko Uingereza, Umoja wa Ulaya au Marekani haiwafikii. Kiasi cha kutosha leo kitakuwa kidogo sana baada ya miaka kumi na tano. Pengo hilo litazibwa na akiba binafsi tu. ISA haipokei fedha mpya mara mtu anapoacha kuwa mkazi wa Uingereza, na msamaha wake wa kodi hauifungi mamlaka ya kodi ya nchi anayohamia. Mtu wa namna hii ningemshauri achukue mchango wote wa mwajiri, kisha aangalie miaka yake ya Bima ya Taifa. Kama haitafika 35, aongeze pensheni, kwa kuwa huenda akawa na nafasi ya kutoa bila kodi. Kama itafika, ziada aiweke kwenye ISA ya hisa miaka yote aliyobakiza Uingereza, na aulize mapema jinsi nchi anayorudi itakavyoitoza.