Mkono wa Msaada Kwenye Marathoni: Kosa Moja, Hukumu Mbili

Julai 1908, London. Dorando Pietri wa Italia anaingia uwanjani akiongoza marathoni ya Olimpiki, anapotea njia, anaanguka mara kadhaa. Waamuzi wanamwinua na kumsaidia hadi mstarini. Wamarekani wanakata rufaa, Pietri anafutiwa ushindi, dhahabu inakwenda kwa Johnny Hayes. Desemba 2017, Dallas, Marekani. Chandler Self anaishiwa nguvu za miguu karibu kabisa na utepe, na binti aliyekuwa akikimbia mbio za kupokezana anamwinua kila anapoanguka. Ushindi wa Self ukabaki.

Sheria yenyewe haina utata mkubwa. Mkimbiaji haruhusiwi kusukumwa wala kubebwa ili asonge mbele, haruhusiwi kuwekewa kasi na mtu asiye kwenye mbio hizo, na maji anachukua kwenye vituo vilivyopangwa. Wanaoitetea wana hoja nzito. Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa kumpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mbio zikiamuliwa kwa kiasi hicho, msaada wowote ni mkubwa.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini sheria hii inavunjwa kwa pikipiki zaidi kuliko kwa mikono. Simama kwenye kilima cha Ipogolo siku ya mbio, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Iringa mjini. Utaona bodaboda inakwenda taratibu sambamba na mkimbiaji, abiria wake ameshika chupa ya maji, anamwagia mtu wake kichwani, anamtajia muda, anamwambia kwamba aliye mbele kashachoka. Nyuma yao anakuja kijana aliyetoka Makete, hana kocha wala pikipiki, maji yake ni ya kituoni tu, na akikuta yameisha ndiyo basi. Wote wawili wanagombea bahasha moja ya zawadi. Msimamizi wa njia anatazama, kwa sababu alichoagizwa ni kuzuia magari.

Hapo ndipo ninapoudhika. Anayefutiwa matokeo ni yule aliyeanguka mbele ya kamera, akashikwa mkono na mtu mwenye huruma. Aliyesindikizwa kilomita nzima nzima anapanda jukwaani.

Upande wa pili nao usikilizwe, maana unahusu uhai. Aprili 2018, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast, Callum Hawkins wa Scotland alikuwa akiongoza kwa takriban dakika mbili alipoanguka, zikiwa zimebaki kilomita kama mbili. Watu walimpiga picha, na wahudumu wa afya walichelewa kumfikia. Hofu ya kumharibia mtu mbio isifike mahali pa kumwacha amelala juani. Na haina sababu: sheria za sasa zinaruhusu daktari wa mashindano kumpima mkimbiaji njiani bila kumtoa kwenye mbio. Wasimamizi wetu wengi hawajawahi kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo siungi mkono ukali wa kufumba macho, wala huruma ya kuchagua. Anayekimbia kwa afya yake, akaanguka na kuinuliwa na mwenzake, apewe medali yake ya kumaliza aende nyumbani. Kwa wanaowania fedha, ukali uanzie kwenye pikipiki: namba ya mkimbiaji anayesindikizwa iandikwe, mwamuzi mkuu apelekewe, na jambo hilo litangazwe kwa Kiswahili kabla ya mbio kuanza, wote wakisikia. Na aliyemaliza wa nne, ambaye aliona kila kitu barabarani, aonyeshwe meza ya kupeleka malalamiko na asikilizwe kabla bahasha hazijagawiwa.