Pampu ya mashine ya kukamulia: ya oili, kavu, au iliyo na akiba?

Mfugaji wa Pongwe au Muheza mwenye ng'ombe watano akiulizia mashine ya kukamulia, hupewa ushauri unaopingana. Mmoja humsifia pampu ya oili, ile yenye vibamba vinavyoteleza ndani ya rota. Mwingine humwambia hiyo ni ya kizamani, achukue pampu kavu yenye mota ya kubadili kasi. Wote wana hoja, ila wanaliruka jambo linalomgusa ng'ombe mwenyewe.

Ombwe la kukamulia, yaani mvuto wa pampu unaotoa maziwa kwenye chuchu, huwa kama kilopaskali 45, chini kidogo ya nusu ya mgandamizo wa hewa ya pwani. Pampu ya kawaida huzunguka kwa kasi moja muda wote. Ikivuta kupita kiasi, vali hufunguka na kuingiza hewa ya nje. Maana yake, uniti za LUKU zinaliwa kuvuta hewa ambayo vali yenyewe imeiingiza. Mota ya kubadili kasi huondoa hasara hiyo, na makelele hupungua. Kwenye shamba kubwa linalokamua kwa saa nyingi, sina ubishi: inafaa.

Kwa ng'ombe watano hesabu inageuka. Kila mmoja huchukua dakika tano hadi saba, kwa hiyo kwa ndoo mbili, zikikamua ng'ombe wawili kwa pamoja, kazi imekwisha ndani ya nusu saa. Umeme unaookolewa ni kidogo, nacho kifaa cha kielektroniki kinachoongoza kasi hakipendi umeme wa kupanda na kushuka, wala hewa ya chumvi ya Tanga mjini. Kikiungua, fundi mota wa mtaani hana la kufanya.

Pampu kavu ina sifa ya kweli: haitemi ukungu wa oili bandani. Lakini vibamba vyake vya grafiti hulika, na maji au maziwa yakipenya, vibamba hivyo huweza kuvunjika. Kwa joto na unyevu wetu, mtego mzuri wa maji kabla ya pampu ni lazima, na mara nyingi ndio unaobaniwa ili bei ishuke. Ningependa wabunifu waanzie hapo, pamoja na chombo cha kunasa oili na puli ya kufungia injini ya petroli umeme ukikatika.

Sasa akiba, yaani nguvu ya ziada ya pampu, ambayo naiona nzito kuliko yote. Kikombe kikichomoka kwenye chuchu, hewa huingia kwa kishindo na ombwe hushuka. Pampu isiyo na nguvu ya ziada hushindwa kulirudisha upesi, na matone ya maziwa hurushwa nyuma hadi kwenye tundu la chuchu nyingine, yakibeba vijidudu vya ugonjwa wa kiwele. Maziwa ya kiwele kigonjwa yanaweza kukatika kwenye kipimo cha alkoholi kwenye kituo cha kupokea maziwa, na safari nzima ya asubuhi ikawa bure. Lushoto, kwenye mita kama 1,400, hewa ni nyepesi. Pampu iliyotosha Tanga mjini huenda isitoshe huko.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji awashe mashine huku vikombe vimezibwa, kisha afungue kimoja. Tazameni geji ya ombwe. Ikiporomoka na kubaki chini, pampu hiyo ni ndogo, iwe ya oili au kavu, iacheni dukani.