Tunaamriwa Kulala, Tunanyimwa Hewa

Jumanne iliyopita, saa nane mchana, nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha lori huko Fontana, mashariki ya Los Angeles, nimejitandaza taulo nililolilowesha kwa maji ya chupa, huku kipimajoto cha dashibodi kikionyesha nyuzi 41 nje. Joto la ndani hakuna anayelipima. Nilikuwa nimeendesha usiku kucha kutoka Arizona, nikafika alfajiri, na sheria ya saa za kazi ilinitaka nipumzike saa kumi mfululizo kabla ya kushika usukani tena. Injini ilizimika yenyewe baada ya dakika tano. Niliiwasha, nikapata ubaridi kidogo, na kabla sijasinzia taa ya onyo ikaanza kumweta, nikaruka kutoka kitandani kukanyaga pedali ya mafuta ili isizimike tena. Nilifanya hivyo mpaka nikachoka kuhesabu, na jioni ile ile nikaingia barabarani na tani zangu, kompyuta ya lori ikiandika kwamba dereva amepumzika kikamilifu.

Wengi wenu mnaonisoma mna kaka, mume au shemeji anayeendesha malori Marekani, na pengine mmeshamsikia akilalamika kuhusu kuzimiwa injini mkadhani analalamikia jambo dogo. Si dogo. California inakataza lori la dizeli kubaki sailensa, kama mafundi wetu wa nyumbani wanavyosema, yaani injini kuwaka huku lori haliendi, kwa zaidi ya dakika tano likiwa limeegeshwa, na tangu mwaka 2008 katazo hilo linatuhusu hata sisi tunaolala ndani ya malori. New Jersey wanatoa dakika tatu. Jiji la New York ni dakika tatu vilevile, na dakika moja tu ukiwa kando ya shule, na raia akikurekodi kwa simu hadi ukatozwa faini, jiji humpa robo ya fedha hiyo.

Siutetei moshi. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu, na mtu aliyepita Fontana au mji jirani wa Ontario ameona jinsi mabohari yalivyojengwa karibu kabisa na nyumba za watu, watoto wakicheza upande wa pili wa ukuta. Mimi pia nina watoto. Lori lililosimama huku injini ikiwaka huchoma takriban lita tatu za dizeli kwa saa, kwa hiyo usingizi wa saa kumi ni lita thelathini za dizeli zilizogeuka moshi kwenye mapafu ya mtu mwingine. Nakiri hayo yote, japo nayakiri kwa shingo upande, kwa sababu kila ninapoyakiri huwa naambiwa kwamba basi mjadala umekwisha.

Haujakwisha, na kiini chake si sheria ya hewa. Soma kanuni ya California hadi mwisho utaona kwamba injini iliyothibitishwa kutoa gesi kidogo ikiwa sailensa hubandikwa stika maalumu, na lori lenye stika hiyo linaruhusiwa kuunguruma dereva anapolala, mradi liwe zaidi ya futi mia moja kutoka kwenye makazi au shule. Lori ninaloendesha lina stika hiyo. Niliegesha mbali na nyumba yoyote. Aliyenizimia injini ni mwajiri wangu, ambaye ameiamuru kompyuta ya lori iizime baada ya dakika tano popote litakapokuwa, ili aokoe mafuta, na kila dereva anapouliza hujibiwa kwamba ndivyo sheria inavyotaka. Sheria ilikuwa imenifungulia mlango, bosi akaufunga, kisha akaining'iniza sheria mlangoni kama kufuli. Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike.

Lori hilohilo lina jenereta ndogo ya pembeni, ile inayotakiwa kuendesha kiyoyozi na kuchaji betri kwa mafuta machache sana wakati injini kubwa imezimwa. Imeharibika tangu mwezi Mei. Nimeandika ripoti tatu. Ukiwauliza wenye kampuni kwa nini malori mengine hayana kabisa, watakutajia bei, ambayo ni maelfu ya dola, na watakutajia kichujio cha moshi ambacho California inakidai juu ya jenereta yenyewe. Zamani walitaja pia uzito, wakisema kila kilo ya jenereta ni kilo iliyopungua kwenye mzigo, lakini sheria ya shirikisho ya mwaka 2012 iliruhusu lori kupewa nyongeza ya karibu kilo 250 kwa ajili ya kifaa hicho, kwa hiyo kisingizio hicho hakina miguu tena. Kilichobaki ni kwamba mwenye uamuzi wa kununua au kutengeneza analala nyumbani kwenye kiyoyozi, na asiye na uamuzi ndiye anayegongewa mlango na mkaguzi.

Nilipokuwa nyumbani nilipanga foleni Tunduma siku nne, mara nyingine sita, kwenye jua kali, na hakuna aliyewahi kunipangia dakika za injini. Lakini pale tulifungua milango yote miwili, tukatandika mkeka chini ya tela, upepo ukapita, mama lishe akaja na chai. Hapa ukitandika mkeka uani kwa mwenye mzigo, mlinzi anakufukuza. Kutoka nje ya lori hairuhusiwi, kufungua dirisha usiku katika maegesho usiyoyajua ni hatari, na kebini iliyofungwa ikipigwa na jua hupanda joto kuliko hewa ya nje. Uvumilivu wetu ule wa barabarani, ambao wengine husema ungetutosha huku, ulitegemea mlango ulio wazi.

Baridi nayo ni habari nyingine, na ni nyepesi kidogo kutatua, kwa sababu kipasha joto cha kebini kinachochoma dizeli hutumia mafuta machache mno. Lakini kikikosekana au kikifa, matokeo yake tunayajua kwa jina. Januari 2009, huko Illinois, breki za tela la Alphonse Maddin ziliganda usiku, na kifaa cha kupasha joto ndani ya kebini kilikuwa kibovu. Aliripoti. Akasubiri, akapitiwa na usingizi, na alipoamka hakuzihisi nyayo zake. Alipopiga simu tena aliambiwa avumilie, asiliache tela. Alilifungua tela, akaondoka na kichwa cha lori kutafuta joto, akafukuzwa kazi. Ilichukua hadi mwaka 2016 kwa mahakama ya rufaa kukubali, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, kwamba hakustahili kufukuzwa. Jaji aliyepinga, Neil Gorsuch, mwaka uliofuata aliingia Mahakama ya Juu.

Ninachokitaka kinaeleweka bila wakili. Lori lenye kitanda lisitoke uani bila kifaa cha joto na ubaridi kinachofanya kazi, likaguliwe kama breki zinavyokaguliwa, na anayelituma bila hicho atozwe yeye, kwa jina lake na si la dereva. Mwenye mzigo anayenizuia uani kwake saa tano bila kunipangia geti la kushushia, naye atozwe. Tukifanya hivyo watoto wa Fontana watapumua vizuri zaidi kuliko sasa, kwa sababu hakuna dereva anayewasha injini kubwa kwa raha akiwa na kiyoyozi kidogo kinachomtosha.

Ndugu zangu mnaokuja kuanza kazi hii, kabla hamjasaini mkataba ulizeni kuhusu jenereta, kisha ombeni muioneshwe ikiwaka. Ripoti yangu ya nne nimeituma jana usiku, safari hii kwa maandishi yenye tarehe na picha ya kipimajoto, na nimewaeleza kwamba mzigo wa Alhamisi wa kupitia Needles, mji wa jangwani California, ambako Julai nyuzi 43 ni jambo la kawaida, sitaubeba kwa lori hilo mpaka litengenezwe. Hadi ninapoandika, hawajajibu.