Maharage ya Langza

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini hawakueleza mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni amekuja na kilo mbili za maharage makavu.

Maharage hayo niliyanunua Manali, kaskazini mwa India, wakati wa likizo ya chuo, nikielekea bonde la Spiti. Kutoka hapo hadi Kaza, mji mkuu wa bonde hilo, ni kilomita 200 hivi, na anayeitazama ramani hudhani kwamba atafika kabla ya adhuhuri. Gari hupita kwanza katika handaki la Atal, lenye urefu wa kilomita 9 na lililofunguliwa mwaka 2020. Kisha lami humalizika, abiria akabaki na mawe, vijito vinavyokatiza barabara, na dua zake. Katika kipito cha Kunzum, ambacho kiko juu ya mita 4,500 na hufungwa na theluji kwa miezi mingi kila mwaka, dereva alilizungusha gari kwenye hekalu dogo la mungu wa kike wa mahali pale, hekalu likiwa upande wa kuume, kama ilivyo desturi. Abiria wengine waliinamisha vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nimekumbatia maharage.

Langza ni kijiji cha Wabudha kilicho juu zaidi ya Kaza, kwenye mwinuko wa mita 4,400 hivi, na sanamu kubwa ya Buddha hukaa hapo ikilitazama bonde. Hewa yake ni nyepesi kiasi kwamba siku niliyofika nilihitaji kupumzika baada ya kufunga kamba za viatu. Bibi mwenye nyumba alinilisha shayiri, njegere na chai ya siagi na chumvi (ambayo mtu akiichukulia kuwa ni supu humpendeza sana) hadi nikaona haya, nikatangaza kwa Kihindi changu cha kuungaunga kwamba safari hii nitapika mimi.

Aliniuliza kama ningependa kutumia sufuria yake ya presha. Nilimjibu kwamba kwetu Tanga maharage hupikwa katika sufuria ya kawaida, kwa subira, na kwamba presha huua ladha. Alinitazama kidogo, akasema sawa, akarudi kwenye shanga zake za sala.

Maji yalichemka upesi mno, nami nikajipongeza. Kumbe katika mwinuko ule maji hutokota yakiwa na joto la nyuzi 86 hivi badala ya 100, na hata ukiongeza moto hayapandi zaidi ya hapo, bali huzidisha kelele na mvuke huku punje zikioga kwa raha zao. Adhuhuri nilionja moja nikatema. Alasiri nilionja nyingine, jino likalia. Kwa kuwa miti ni adimu sana huko, moto huwashwa kwa kinyesi kikavu cha yaki na ng'ombe, ambacho familia hulimbikiza kwa ajili ya majira ya baridi, na bibi aliendelea kuniletea vipande vyake bila kusema neno, hadi nikahisi kwamba ninachochoma ni mwezi mzima wa Januari.

Aliyefurahia shughuli hiyo ni mjukuu wake. Ardhi ya Langza ilikuwa sakafu ya bahari ya Tethys kabla Bara Hindi halijagongana na Asia, kwa hiyo watoto huokota huko viumbe vya baharini vya kale, vilivyojiviringa kama konokono na kugeuka mawe. Kila punje niliyoitema, kijana huyo aliiokota, akaigonga sakafuni, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuitia katika kopo lake.

Giza lilipoingia, bibi aliweka shanga kando, akayamimina maharage yangu katika sufuria ya presha na kuifunga. Baada ya filimbi kadhaa yalikuwa laini kama siagi. Tulikula wote, naye akawaeleza majirani kwa sauti kubwa kwamba watu wa Tanga ni mafundi wa mapishi.

Asubuhi lilifika gari la watalii. Mtoto aliwaonyesha kopo lake, na mzee mmoja mwenye miwani akachagua punje nyekundu, akaigeuzageuza kwenye mwanga na kuuliza ina umri wa miaka milioni mingapi. Mtoto hakubabaika hata kidogo. Alininyooshea kidole, akamwambia amuulize mwenyewe aliyeipika.