Sikugoma, Kofia Ndiyo Iliyogoma

Naona ile sauti aliyoirekodi swahiba wangu kuhusu kisa changu cha kwenye maonyesho imeshafika hadi Pangani. Jana shemeji kanipigia kuniuliza kama ni kweli nimekataa kuvua kofia Wimbo wa Taifa ukipigwa, na kama ni kweli nimezungukwa na askari. Jamani! Swahiba anashona kanzu, mimi nashona kofia, baraza letu moja hapa Ngamiani, Tanga, na siku zote hajambo kwa kutia chumvi. Safari hii kamimina gunia zima. Sasa nisikilizeni mimi mwenye kichwa.

Mliowahi kupita kazini kwangu mnakijua kile chumba. Singa za mkonge, yaani nyuzi zake, zimening'inia kwenye waya, ukili, ule msuko mrefu wa majani, umeviringwa chini ya meza, masufuria ya rangi, kalibu ya mti ya kuundia kichwa, na shazia, zile sindano nene, ambazo huwa sizioni mpaka nizikalie. Ijumaa watu hufuata kofia za vito, nami nawauzia, wanadarizi kina mama wa mtaani. Ila roho yangu iko kwenye pama, kofia ya ukingo mpana. Hii niliyovaa kwenye maonyesho ilikuwa ya singa tupu, ukingo wa ukili wa zambarau, pana kama ungo.

Singa za mkonge zina tabia moja: zinawasha. Kwa hiyo ndani lazima upitishe tepe ya pamba, na tepe hiyo huwa naishona kwa mkono, taratibu, mzunguko mzima. Mpwa wangu anayejifunza kazi akaona mjomba anachelewa. Akachukua gundi ya viatu, ile ya njano ya kwenye kopo, akapaka, akabandika. (Yeye anasema nilimtuma. Tutaonana nyumbani.) Asubuhi nikagusa ndani, kavu kabisa. Nikavaa. Na usiku wake nilikuwa nimenyoa upara ili pama ikae sawasawa. Huo upara msiusahau.

Fundi viatu yeyote atakwambia gundi ile ikipata joto inalainika upya na kuanza kushika. Mimi si fundi viatu. Nilisimama bandani viwanja vya Tangamano tangu asubuhi, jua la Tanga mnalijua, jasho linatiririka hadi kwenye soksi, na mimi najisomea maneno ya kumwambia mgeni rasmi. Nilikuwa nimeyapanga vizuri: kwamba mkonge asili yake Mexico, kwamba ni Mjerumani Richard Hindorf aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa huku kwetu mwaka 1893, kwamba ukipitisha kilo mia za majani kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, unatoka na kilo nne hivi za singa, zilizobaki ni maji na makapi. Ningemaliza kwa kuvua pama kwa madaha na kumkabidhi. Kuvua kwa madaha nilikufanyia mazoezi mbele ya kioo, mke wangu shahidi.

Mshereheshaji akasema tusimame kwa ajili ya Wimbo wa Taifa.

Hapa naomba twende polepole.

Spika zikakohoa. Kapelo zikashuka. Bodaboda waliokuwa wamejibanza kivulini wakavua helmeti. Nikapeleka mkono wa kulia kwenye ukingo, vidole viwili, kama nilivyozoea mbele ya kioo, nikanyanyua. Pama ikapanda kidogo. Na nyusi zangu nazo zikapanda.

Nikashusha. Nyusi zikashuka.

Nikajaribu kwa nyuma. Ngozi ya kisogo ikavutika mpaka nikahisi masikio yanasogea. Wakati huo tuko ubeti wa Afrika, kila mtu kasimama wima, kimya, na mimi nimeshika kofia kwa mikono miwili nahangaika nayo. Mgambo aliyekuwa nyuma ya banda akanisogelea.

"Mzee, kofia."

"Naivua, afande."

"Mbona huivui?"

"Ndiyo naivua."

Akaniangalia nikivuta. Uso mzima ukawa unakwenda juu na kurudi. Nadhani hapo ndipo aliponielewa, kwa sababu aligeuka akaangalia bendera, na mabega yakaanza kumtikisika. Mtoto wa banda la jirani, banda la achari na asali, yeye hakujificha. Alimvuta mama yake kanga akamwambia kwa sauti, "Mama, yule mjomba kofia inamng'ata."

Tukaingia ubeti wa Tanzania, na upepo wa baharini, ambao tangu asubuhi tuliutafuta kwa tochi, ukaamua kufika. Ukaingia chini ya ukingo. Nyie, pama pana ikipata upepo inataka kuruka, na hii ilitaka kwenda nami. Kichwa kikarudi nyuma, uso juu mbinguni, macho nimeyafumba kwa maumivu. Upepo ukalegea, nikainama. Ukaja tena, nikatazama mbinguni. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alidhani nimezidiwa na uzalendo, naye akafuta machozi. Swahiba wangu hilo hakulisema, eti? Alikuwa amejificha nyuma ya kanzu zake anarekodi.

Wimbo ukaisha. Mgeni rasmi akaanza kupita mabandani. Alipofika kwangu akazitazama pama zote mezani, kisha akanyoosha kidole juu ya kichwa changu. "Hiyo uliyovaa ndiyo nzuri. Hebu niijaribu."

Mexico, Florida, korona, vyote vikapotea. Nikamwambia, "Mheshimiwa, hii ina mwenyewe." Akacheka, akachukua ya buluu, akalipa taslimu bila kuomba apunguziwe, akaenda. Ya buluu nilishona tepe kwa mkono, kwa hiyo asiwe na wasiwasi popote alipo.

Mengine ni mafupi. Nikapanda bajaji na pama imekaa upande kwa sababu mlangoni haipiti, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini, mafuta ya nazi yakashindwa, mafuta ya taa yakaweza, na sasa nina mstari mwekundu kuzunguka kichwa chote. Kwa hiyo swahiba, futa ile sehemu unayosema nililia. Yalikuwa mafuta ya taa yameingia machoni.

Na mnaoniandikia mnaitaka ile ya ukingo wa zambarau, haiuzwi. Geuzeni ndani muone: tepe nzima imebaki na ngozi yangu.